Jambia la Babu Limetoka Wapi?

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Pangani, Bagamoyo na Unguja, sanduku la marehemu linapofunguliwa ili vitu vyake vigawanywe, hutoka humo kitu kimoja kinachozua mabishano kuliko joho, kanzu na karatasi za shamba. Ni jambia. Mjomba husema ni la Kiarabu kwa sababu limepinda. Mjukuu husema ni la Kiafrika, kwa kuwa babu mwenyewe alizaliwa Pangani na hakuwahi kuvuka bahari. Jirani anayeuza vinyago kwa watalii husema ni la Sultani, kwamba lina umri wa miaka mia saba, na kwamba asiruhusiwe mtu kulisafisha. Hapo watu watatu wanajibu maswali matatu tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea.

Mkanganyiko huo unatokana na neno moja, nalo ni asili. Tunaposema tunataka kujua asili ya silaha ya kale, huwa tunauliza mambo manne kwa mpigo: chuma chake kilifuliwa wapi, umbo lake ni la mtindo wa watu gani, aliyeivaa alikuwa nani, na ilifikaje mahali ilipokutwa. Majibu ya maswali hayo yanaweza kutoka katika nchi nne. Fikiria baiskeli ya muuza maziwa: fremu ilitoka India, mnyororo na tairi ni za China, kiti kimeshonwa upya na fundi viatu wa mtaani, na keria ya nyuma imechomelewa na fundi wa mageti. Mtu akiuliza baiskeli hiyo ni ya wapi, jibu la neno moja litampotosha hata likitolewa kwa nia njema. Jambia la kale ni baiskeli ya namna hiyo, tena iliyopita katika mikono ya mafundi wa vizazi vinne au vitano.

Majina na viungo

Kabla ya kulisoma jambia ni vyema tukubaliane juu ya majina. Neno jambia limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha ubavuni, ingawa Wayemeni na Waomani, ambao ndio wavaaji wake wakubwa, hulivaa mbele ya tumbo wala si ubavuni. Waomani wenyewe huliita khanjar, na Kiswahili kina neno hanjari kutoka huko, lakini watu wa mwambao wamezoea kuyaita yote majambia, la Oman na la Yemeni pamoja. Sime ni kitu kingine: ni silaha fupi iliyonyooka, yenye makali pande zote mbili, inayobebwa na Wamasai na majirani zao wa bara. Upanga na kitara ni silaha ndefu, nami sitazigusa hapa isipokuwa pale zinapotoa ushahidi.

Silaha yenyewe ina viungo vichache. Bapa ni ile sehemu ya chuma yenye makali na ncha. Msuka ni mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, na kwa kuwa hauonekani, mara nyingi ndio unaobeba siri ya matengenezo yaliyofanywa baadaye. Mpini hushikwa kwa mkono, ala hufunika bapa, na mshipi huifunga ala mwilini. Wengi wetu tukipewa jambia tunalichomoa mara moja na kulikodolea macho bapa, kana kwamba chuma ndicho kitakachosema. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho. Kati ya viungo vyote, bapa ndilo linalosafiri zaidi na ndilo lenye ushahidi dhaifu kuhusu watu waliolivaa. Ala husafiri kwa nadra zaidi, kwa sababu hukatwa na kushonwa kufuata mwili, nguo na adabu za mahali.

Anza na ala

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: silaha hii ilivaliwa wapi mwilini? Jibu limo katika pete, vitanzi na michubuko ya ala. Kisu chenye ala iliyonyooka na kitanzi kipana cha ngozi, mfano wa bangili, ni kisu cha mkononi. Watuareg wa Sahara huvaa chao, kiitwacho telek, juu ya kigasha cha mkono wa kushoto, mpini ukielekea kiganjani na mara nyingi ukiwa na umbo la msalaba. Huko Sudani vipo visu vinavyofungwa juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto, vikiwa na kitanzi cha ngozi iliyosukwa. Ala iliyopinda yenye pete mbili kubwa juu, zinazopitishiwa kamba ya begani, ni ya koummya, jambia la Moroko. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kufungwa vizuri kwenye mshipi wa Mwomani, kwa hiyo hata kama bapa zao zingefanana, ala zingewatenganisha.

Sasa turudi pwani. Ala ya hanjari ya Oman hupinda karibu sawa na kona ya meza, ikielekea upande mmoja, na sehemu yake ya juu ina mkanda wenye pete za fedha. Baadhi ya pete hizo hushika mshipi na nyingine ni pambo tu. Sehemu ya katikati hufumwa au kutariziwa kwa uzi wa fedha, na mara nyingi nyuma ya ala huwekwa kisu kidogo chenye mpini wake, kwa kazi za kawaida ambazo mtu mwenye heshima zake hawezi kuzifanyia hanjari. Ukikuta nafasi ya kisu hicho iko tupu, usidhani ala ina kasoro. Kisu kidogo hupotea kwanza, kwa kuwa ndicho kilichotumika kila siku.

Waomani wana mitindo kadhaa ndani ya mtindo wao. Ule unaotuhusu sisi ni wa Saidi, ulioitwa kwa jina la ukoo wa Al Said unaotawala Oman hadi leo na uliotawala Zanzibar hadi Mapinduzi ya 1964. Hanjari ya Saidi hujulikana kwa mpini uliofunikwa fedha na uliotanuka pembeni, na kwa pete za ala ambazo mara nyingi huwa saba. Masimulizi ya Oman yanasema kuwa mtindo huo ulibuniwa na mke wa Kiajemi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyeuhamishia utawala wake Unguja na kufariki mwaka 1856. Masimulizi hayo yakiwa sahihi, basi hata hanjari nzuri kuliko zote za mtindo huo haiwezi kuwa na umri mkubwa zaidi ya karne ya 19, na hapo hesabu ya jirani yetu ya miaka mia saba huporomoka kabla jambia halijachomolewa.

Jambia la Yemeni lina tabia tofauti. Ala yake kwa kawaida ni ya mbao iliyofunikwa ngozi, husimama wima juu ya mshipi mpana uliotariziwa, na ncha yake hupinda kama ndoano. Mpini umebana katikati kama kiuno, na usoni huwa na vibonge viwili vya duara, mara nyingine vya sarafu. Lile la Hadhramaut, nchi walikotoka wengi wa wale tunaowaita Washihiri, ala yake hujikunja hadi ncha kuelekea juu na hupambwa kwa fedha na vito vya akiki. Ukiweza kutofautisha umbo la kona, umbo la ndoano na umbo la kujikunja, umekwisha kuvuka nusu ya safari, na hukuhitaji maabara.

Tahadhari moja inatakiwa hapa. Mtindo wa Oman hauna maana ya kutengenezwa Oman. Zanzibar ya karne ya 19 ilijaa mafundi wa fedha, wengi wao wakiwa wametoka India. Hata neno letu sonara limekuja na mafundi wa Kihindi. Mteja aliyetaka hanjari ya Kiomani hakuwa na haja ya kusubiri jahazi la Maskati iwapo sonara alikuwa mtaa wa pili. Zaidi ya hapo, jambia lilikuwa sehemu ya mavazi ya heshima ya mwungwana wa mwambao, na mpaka leo liko miongoni mwa mavazi ya bwana harusi pamoja na joho na kilemba. Kwa hiyo mjukuu wetu hakukosea kabisa. Kitu kilichofuliwa na fundi wa Kihindi huko Unguja, kwa mtindo wa Oman, kikavaliwa na Mswahili wa Pangani siku ya ndoa yake, ni kitu cha Pangani katika maisha yake hata kama si cha Pangani katika umbo lake.

Sime nyekundu si ya Mmasai peke yake

Bara kuna mkanganyiko wa aina nyingine, wa kudhani kwamba kila sime yenye ala nyekundu ni ya Kimasai. Olalem, yaani sime ya Kimasai, ina bapa linalopanuka kadiri linavyoelekea nchani, mfano wa jani, hata uzito wake ukakaa mbele na pigo lake likawa la kukata zaidi kuliko kuchoma. Katikati ya bapa hupita uti, mpini ni mfupi na umezungushiwa ngozi, hauna kinga ya vidole, na ala yake ya mbao iliyovikwa ngozi nyekundu hufungwa upande wa kulia wa kiuno. Lakini Wakikuyu nao walikuwa na rũhiũ rwa njora, na Wakamba na Wameru walikuwa na zao za namna hiyo. Majirani waliopigana, kuoana na kuibiana ng'ombe kwa vizazi vingi waliazimana pia maumbo ya silaha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba shujaa wa Kimasai hakufua silaha yake mwenyewe. Kazi ya chuma ilikuwa ya jamii ya wahunzi inayoitwa il-kunono, ambayo Wamasai wengine hawakuoana nayo, na silaha nyingine zilinunuliwa kwa wahunzi wa Kichagga. Wachagga nao walipata chuma kutoka Upare, ambako ukoo wa Washana ulikuwa na sifa kubwa ya uhunzi. Kisha, katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilianza kupeleka bara waya mnene wa chuma, seng'enge, kama bidhaa ya kubadilishana, na sehemu ya waya huo iliishia kwenye nyundo za wahunzi. Basi sime iliyovaliwa na Mmasai inaweza kuwa na mhunzi wa Kichagga, chuma cha Upare au cha Ulaya, na ngozi ya ng'ombe aliyechungwa Kajiado. Ukiandika Kimasai kwenye kadi yake utakuwa umesema kweli kuhusu mvaaji, na umenyamaza kuhusu wengine wote.

Nitaje kwa haraka billaawe ya Wasomali, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na sime: bapa lake ni la umbo la jani, lakini mpini ni wa pembe wenye mapambo ya madini na kichwa chake huchongoka. Mpini huo hauna mfano kwa Wamasai.

Bapa linasema nini, na halisemi nini

Tukifika kwenye chuma, cha kutazama kwanza ni kama kinafanana mwanzo hadi mwisho. Chuma cha tanuri la udongo, kama kile cha Wahaya wa Kagera, Wafipa na Wapare, hakikuyeyuka kikawa maji. Kilitoka kama bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, likapigwa nyundo hadi taka zikapungua. Taka hazikuisha zote. Ukitumia lenzi unaweza kuona michirizi myembamba na mistari ya kukunjwa, kama chapati iliyokunjwa mara nyingi kabla ya kusukumwa. Chuma cha kiwandani ni laini na sawasawa kote. Bapa la sime lililochongwa kutokana na panga la dukani, tupa au springi ya gari litakuwa sawasawa hivyo, na mara nyingine chapa ya kiwanda cha Uingereza hubaki karibu na mpini, nusu imesagwa.

Wapo wanaoona chapa hiyo na kutangaza kwamba silaha ni bandia. Kosa hilo limewaondolea watu vitu vya thamani. Biashara ya bapa za Ulaya barani Afrika ni ya karne nyingi. Panga za Watuareg ziitwazo takouba na zile za Sudani ziitwazo kaskara mara nyingi zimefungwa bapa za Ulaya, na mji wa Solingen huko Ujerumani uliuza bapa hadi Ethiopia. Wahunzi wa Kiafrika walijua kuwa wateja wanaziamini alama hizo, wakaanza kuzichora wenyewe: nusu mwezi wenye uso, na mbwa mwitu anayekimbia, ambaye katika nakala za Sahara amegeuka mistari minne tu isiyofanana na mnyama yeyote. Kwa hiyo chapa ya Ulaya yaweza kuonyesha bapa la Ulaya, au mhunzi wa Kiafrika mwenye akili ya soko. Haimtaji mvaaji.

Na ule mfuo unaopita katikati ya baadhi ya bapa, ambao wauzaji huuita njia ya damu? Kazi yake ni kupunguza uzito bila kupunguza uimara, kama vile bati lenye migongo linavyokuwa gumu kuliko bati bapa la unene uleule. Damu haihitaji mfereji.

Pembe iliyokwenda Yemeni

Sehemu iliyonishangaza zaidi nilipoanza kujifunza mambo haya ni mpini. Jambia la Yemeni lenye heshima kuu lilikuwa na mpini wa pembe ya faru, ambayo kadiri inavyoshikwa kwa miaka hung'aa na kupitisha mwanga kidogo, kama asali. Faru hawaishi Yemeni. Katika miaka ya 1970 Wayemeni wengi walipokwenda kufanya kazi Saudi Arabia na kurudi na fedha, vijana ambao baba zao hawakuweza kununua mpini wa faru sasa waliweza, na pembe zilitoka Afrika Mashariki na Sudani. Faru weusi barani Afrika walikadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, na kufikia 1995 walibaki karibu 2,400. Yemeni ya Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe mwaka 1982, wakati huo wengi wakiwa wamekwisha kuuawa. Hivyo jambia ambalo mjomba analiita la Kiarabu tupu linaweza kuwa na mpini wa Tsavo, ilhali sime ya Mkikuyu iliyofungwa kwa ngozi ya nyumbani ina bapa la Uingereza. Ukiyapima kwa chimbuko la malighafi, maneno Kiarabu na Kiafrika yatabadilishana nafasi.

Kutambua pembe na mifupa hakuhitaji kuichoma kwa sindano ya moto, desturi ambayo imeharibu mipini mizuri mingi na isiyothibitisha kitu kikubwa. Tumia lenzi na mwanga wa dirishani. Pembe ya ndovu, mahali ilipokatwa kwa upana, huonyesha mistari inayopishana kama wavu mwembamba sana. Mfupa una vitundu vidogo, au vijistari vyeusi, vilivyokuwa njia za damu. Pembe ya faru imejengwa kwa nyuzi za dutu ile ile ya kucha na nywele, na nyuzi hizo huonekana kama vinukta zikikatwa kwa upana. Pembe ya nyati au ng'ombe huachia matabaka. Plastiki haina chochote kati ya hayo, na mara nyingi ina mshono mwembamba ulioachwa na kalibu.

Utambuzi huo una uzito wa kisheria. Faru waliwekwa mwaka 1977 katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na uamuzi wa kumwingiza ndovu wa Afrika katika orodha hiyo ulifikiwa 1989. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 na Kenya ina yake ya 2013, na zote mbili zinadai mtu awe na kibali kwa nyara alizo nazo. Urithi wa babu haukuondolei wajibu huo. Kabla ya kulipiga picha jambia na kulitafutia mnunuzi, ukiwa na shaka kuwa mpini ni wa pembe ya ndovu au ya faru, nenda kwanza kwa mamlaka ya wanyamapori ukaulize.

Umri: sarafu, tarakimu na kutu

Mambo matatu huwadanganya watu kuhusu umri wa silaha. La kwanza ni sarafu. Reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wetu waliiita reale ya Sham, ina mwaka 1780 juu yake. Huo ndio mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki waliipenda sana sarafu hiyo hata ikaendelea kupigwa kwa sura ileile na mwaka uleule, kwanza katika milki ya Austria na baadaye hata Roma, London na Bombay, hadi katika karne ya 20. Sarafu ya 1780 iliyo kwenye jambia haikuwekwa hapo kabla ya 1780. Zaidi ya hapo sarafu haikwambii chochote.

La pili ni maandishi. Herufi za Kiarabu kwenye ala hazina maana kwamba kitu kimetoka Arabuni, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne kadhaa, na jina lililochongwa nyuma ya ala laweza kuwa la mwenyeji wa Siu au Pate. Tarakimu nazo huwa za Hijria. Mtu anayesoma 1300 na kupiga hesabu ya miaka mia saba amechanganya kalenda mbili: mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Kwa makadirio ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kumbuka pia kwamba kuchonga tarakimu nne ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayetaka kuuza.

La tatu ni kutu. Kisu kilichozikwa katika udongo wenye chumvi au kilichopakwa tindikali hupata kutu nzito kwa muda mfupi, ilhali bapa la karne mbili lililopakwa mafuta kila Idi linaweza kung'aa. Uzee wa kweli hujionyesha pale matumizi yanapogusa: mpini unalainika pale vidole vinapokaa na kubaki wa kukwaruza pale visipokaa, mdomo wa ala unachubuka upande mmoja kwa kuchomoa na kurudisha, makali yanapungua kwa kunolewa hadi bapa likawa jembamba kuliko nafasi yake ndani ya ala. Uchakavu wa bandia huwa sawasawa kila mahali. Sumaku nayo inasaidia kidogo tu: ikinasa kwenye pambo la fedha basi pambo hilo ni chuma kilichopakwa, lakini isiponasa bado laweza kuwa shaba nyeupe.

Kuhusu ile hadithi kwamba kila kisu cha ajabu kutoka Kongo ni kisu cha kukatia wahukumiwa vichwa, inatosha kusema kwamba wauzaji wameipenda kuliko ushahidi unavyoiruhusu. Wakuba wa Kasai walikuwa na ikul, kisu kifupi cha heshima ambacho wakati mwingine kilichongwa chote kwa mbao, bapa likiwamo, na mbao haikati kichwa. Visu vya Wamangbetu vyenye vichwa vya binadamu kwenye mpini viliongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20, wageni wa Ulaya na Marekani walipoonyesha kuvipenda. Ni kazi halisi za mafundi halisi, ila mteja aliyelengwa hakuwa wa kijijini.

Kuliandikia jambia kadi

Tuchukue jambia la kubuni, lakini la aina inayopatikana kweli, tulisome kwa utaratibu huo. Ala imepinda kama kona ya meza, ina pete saba na uzi wa fedha uliokatika hapa na pale. Mtindo ni wa Saidi. Nyuma pamechongwa jina la mtu na tarakimu 1318, ambazo kwa hesabu yetu ni mwaka 1900 au 1901, na mchongo huo umelainika sawa na fedha inayouzunguka, kwa hiyo haukuongezwa juzi. Mpini, pale fedha yake ilipobanduka, ni mweusi, una matabaka, na mistari ya wavu haipo: ni pembe ya nyati au ng'ombe. Bapa lina uti katikati, chuma chake ni sawasawa, na linachezacheza ndani ya ala kana kwamba limeazimwa, huku gundi ya msuka ikionekana mpya kuliko mpini. Bibi wa nyumba anasema lilinunuliwa Unguja na baba wa babu, na likatiwa chuma kingine baada ya kile cha kwanza kuvunjika.

Maneno ya bibi yaandikwe siku hiyohiyo, kwa tarehe, kwa sababu ndiyo ushahidi pekee unaoweza kufa. Kisha kadi iandikwe hivi: jambia la mtindo wa Saidi wa Oman, ala ya mwaka 1900 hivi, huenda kazi ya sonara wa Unguja, mpini wa pembe ya nyati au ng'ombe, bapa la kiwandani, lilibadilishwa baadaye, lilivaliwa Pangani katika ukoo mmoja kwa vizazi vinne. Mjomba ataliona neno Oman na kuridhika, mjukuu ataliona neno Pangani. Jirani wa vinyago atasema kadi ni ndefu mno, na kwamba mtalii hasomi zaidi ya neno Sultani.